Ugonjwa wa Akili Ugenini: Dawa Peke Yake Haitoshi

Mombasa ni mji uliozoea wageni. Bandari, hoteli, viwanda na reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 vimewaleta hapa watu kutoka kaunti nyingine, kutoka nchi jirani na kutoka mbali kama China. Wengi wao wanafanya kazi, wanalipa kodi ya nyumba na kutuma pesa kwao bila matatizo. Lakini maradhi hayachagui mwenyeji wala mgeni, na ugonjwa wa akili ni miongoni mwa yale yanayomwelemea zaidi mtu asiye na ndugu karibu.

Kila tarehe 10 Oktoba dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Akili, desturi iliyoanza mwaka 1992. Mara nyingi mazungumzo ya siku hiyo huhusu hospitali, madaktari na dawa. Makala haya yanaangazia upande mwingine: watu wanaomzunguka mgonjwa, hasa mgonjwa aliye mbali na kwao. Mfano mkuu ni wa wahamiaji wa Kichina nchini Marekani, kwa kuwa hali yao imechunguzwa kwa miaka mingi na ina mafunzo yanayoweza kumfaa mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe.

Ugonjwa mkali wa akili ni upi?

Si kila huzuni ni ugonjwa. Wataalamu wanapotaja ugonjwa mkali wa akili huwa wanazungumzia hali zinazodumu na kumzuia mtu kufanya kazi, kujitunza au kuishi vizuri na wenzake. Zilizo kuu ni tatu. Ya kwanza ni skizofrenia, ambapo mtu anaweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii au kushikilia imani zisizo na msingi, kama vile kwamba majirani wanapanga kumdhuru. Ya pili ni ugonjwa wa bipola, unaomrusha mtu kutoka uchangamfu uliopita kiasi, asiolala wala kutulia, hadi kwenye huzuni nzito. Ya tatu ni sonona kali, ambayo humwondolea mtu nguvu, usingizi na hamu ya kuishi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 24 wanaishi na skizofrenia, yaani karibu mtu 1 kati ya 300. Ugonjwa huu mara nyingi huanza mtu akiwa kijana, umri uleule ambao wengi huondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi. Shirika hilo pia linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, mara nyingi kwa maradhi ya mwili ambayo yangeweza kuzuiwa au kutibiwa. Kwa maneno mengine, wengi hawauawi na ugonjwa wa akili wenyewe. Wanakufa kwa kuwa hakuna aliyewapeleka kupimwa shinikizo la damu, kisukari au kifua.

Kwa nini ugeni huongeza mzigo

Mwaka 1932 daktari Ørnulv Ødegaard alichapisha utafiti kuhusu Wanorwe waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani. Aligundua kuwa wahamiaji hao walilazwa kwa skizofrenia mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliobaki Norwe. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa labda waliohama walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Tafiti za baadaye katika nchi kadhaa za Ulaya zilionyesha picha tofauti: hatari iliongezeka pale wahamiaji walipokuwa wachache na kubaguliwa, na ikapungua pale walipoishi karibu na watu wengi wa kwao.

Hilo lina maana kubwa. Kilichokuwa kikiwalinda wahamiaji waliopona hatari hiyo kilikuwa ujirani: mtu wa kuzungumza naye kwa lugha yako, wa kukuuliza mbona leo hukuonekana, wa kukukopesha nauli ya hospitali. Huo ndio msaada wa kijamii. Haugharimu sana, lakini mgonjwa aliye mgeni hawezi kuununua dukani.

Wachina wa Marekani: kazi, deni na upweke

Wachina walianza kwenda Marekani kwa wingi katikati ya karne ya 19, wakifanya kazi migodini na kwenye ujenzi wa reli. Mwaka 1882 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyowazuia vibarua wa Kichina kuingia, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Kwa miaka hiyo yote wanaume wengi waliishi bila wake na watoto wao katika mitaa ya Wachina ya San Francisco na New York. Ni baada ya sheria mpya ya uhamiaji ya 1965 ambapo familia nzima zilianza kuingia kwa wingi.

Katika miaka ya 1980 na 1990 lilikuja wimbi jingine, la watu kutoka mkoa wa Fujian. Wengi walisafirishwa kwa magendo na kubaki na madeni ya makumi ya maelfu ya dola. Mwezi Juni 1993 meli iliyoitwa Golden Venture ilikwama karibu na ufuo wa New York ikiwa na abiria 286, na watu 10 wakapoteza maisha wakijaribu kuufikia ufuo. Waliofanikiwa kuingia walifanya kazi jikoni mwa mikahawa na kwenye viwanda vya nguo kwa saa nyingi, siku sita kwa wiki. Baadhi ya wazazi waliwapeleka watoto wao wachanga China kulelewa na nyanya na babu, kwa sababu hawakuwa na muda wala pesa za kuwalea.

Mtu wa namna hii akianza kusikia sauti au kukosa usingizi kwa wiki nzima, ana mengi ya kupoteza. Akiacha kazi, deni halilipiki. Akienda hospitali, anaogopa gharama na maswali kuhusu vibali. Chumba anachoishi ni cha kupanga na wenzake, nao wanaweza kumwambia ahame. Familia iko ng'ambo ya bahari, ikisubiri pesa. Kwa hiyo hunyamaza, na mara nyingi hufika kwa daktari akiwa amezidiwa, pengine akiletwa na polisi.

Mkazi wa Mombasa hatashindwa kumtambua mtu huyu hata akibadilishiwa jina na nchi. Kijana aliyetoka Kitui au Kakamega kuja kufanya kibarua, msichana wa kazi za nyumbani asiye na jamaa mjini, mkimbizi, au fundi wa kigeni kwenye mradi wa barabara, wote wanaweza kujikuta hapo.

Aibu ya mmoja, aibu ya ukoo

Wachina wana neno *mianzi*, maana yake uso, kwa maana ya heshima ya mtu mbele ya watu. Heshima hiyo si ya mtu mmoja tu. Mgonjwa wa akili akijulikana, familia nzima huhofia kupoteza uso: binti ataolewa na nani, na nani atawakopesha? Watafiti waliofanya kazi miongoni mwa wahamiaji wa Kichina mjini New York, akiwemo Lawrence Yang, wameeleza kuwa kwa watu hao kipimo cha utu uzima ni kufanya kazi, kulipa deni, kutuma pesa, kuoa au kuolewa na kuendeleza ukoo. Ugonjwa unaposemekana kumzuia mtu kutimiza hayo, ndipo hudharauliwa zaidi.

Lakini jambo hilo lina upande wa pili. Mgonjwa anayepata matibabu na kurudi kazini, hata kwa saa chache, hurudishiwa sehemu kubwa ya heshima yake. Kazi inakuwa sehemu ya kupona kwake.

Pwani nako kuna desturi ya kusitiri. Kumsitiri mgonjwa dhidi ya dharau za watu ni jambo jema. Kumficha asionekane hata na daktari ni jambo jingine. Wahenga walionya kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwaka 2020 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa watu wenye magonjwa ya akili hufungwa minyororo au kufungiwa vyumbani katika nchi zipatazo 60, na Kenya ilikuwa mojawapo. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa jamaa waliokosa msaada, si watu wakatili.

Maneno tunayotumia

Mwaka 1982 daktari wa magonjwa ya akili Arthur Kleinman alichapisha matokeo ya kazi yake katika mkoa wa Hunan, China. Aliwachunguza wagonjwa 100 waliokuwa wameambiwa wana udhaifu wa neva. Malalamiko yao yalikuwa kichwa kuuma, uchovu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Alipowahoji kwa undani, 87 kati yao walikuwa na dalili za sonona. Hawakuwa wakidanganya. Mwili ulikuwa njia ya kueleza mateso bila kujiaibisha.

Hapa kwetu mtu atasema ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, au kichwa kinamgonga usiku kucha. Anayesikiliza vizuri atauliza zaidi: unalala? unakula? kuna jambo linalokutisha?

Majina nayo yana uzito. Jina la zamani la skizofrenia kwa Kichina lilimaanisha akili iliyopasuka. Mwaka 2001 wataalamu wa Hong Kong walianza kutumia jina jingine, linaloeleza kuvurugika kwa fikra na hisi, ili wagonjwa wasiogope kuja kutibiwa. Japani ilibadilisha jina lake mwaka 2002. Katika Kiswahili, maneno kama "kichaa" na "mwendawazimu" hufunga milango kabla mgonjwa hajafungua mdomo. Kusema "mtu anayeishi na ugonjwa wa akili" ni maneno mengi zaidi, lakini yanamwachia utu wake.

Mkalimani asiwe mtoto

Katika hospitali za Marekani ilikuwa kawaida mtoto wa mhamiaji kumtafsiria mama yake mbele ya daktari. Kwa homa au jeraha, pengine hilo lingetosha. Kwa ugonjwa wa akili lina madhara. Mama hawezi kumwambia daktari, kupitia kinywa cha mwanawe wa miaka kumi, kwamba anatamani kufa. Mtoto naye hana maneno ya kulitafsiri hilo, na hatalisahau.

Kesi iliyosaidia kubadilisha mambo haikuanzia hospitalini. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyoletwa kwa niaba ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wakifundishwa kwa Kiingereza wasichokielewa. Mahakama ilisema kuwa kumpa mtu huduma ileile kwa lugha asiyoielewa si kumtendea sawa na wengine. Msingi huo ulikuja kutumiwa pia kudai wakalimani katika huduma za afya.

Nasi tuna la kujifunza hapo. Mgonjwa anayezungumza Kigiriama, Kisomali au Kichina pekee anahitaji mtu mzima wa kumkalimania, anayeaminika na anayejua kutunza siri. Asiwe mwajiri wake, kwa kuwa mwenye kuogopa kufutwa kazi hatasema yote. Vivyo hivyo, asiwe mtoto.

Msaada gani ulifaa?

Huduma zilizofanikiwa kwa Wachina wa Marekani zilianzia mitaani mwao. Mjini New York, maonyesho ya afya yaliyofanywa na watu wa kujitolea mwaka 1971 katika mtaa wa Wachina yalizaa kliniki ambayo leo huitwa Charles B. Wang. Baadaye kliniki hiyo iliingiza huduma za akili ndani ya huduma za kawaida, hivi kwamba anayekwenda kupimwa sukari anaweza kuonana na mshauri wa akili palepale bila jirani kujua. San Francisco nayo ilipata mwaka 1974 shirika la RAMS, linalotoa matibabu ya akili kwa lugha za wahamiaji kutoka Asia.

Mfano mwingine ni Fountain House ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1948 na watu waliokuwa wametoka hospitali ya akili. Huko mtu haitwi mgonjwa bali mwanachama. Wanachama hupika, hupokea simu, hutunza bustani na kusaidiana kutafuta ajira. Mtindo huo umeenea katika nchi nyingi.

Ndani ya nyumba pia kuna la kufanya. Kuanzia miaka ya 1950, mtafiti George Brown na wenzake jijini London walifuatilia wagonjwa wa skizofrenia walioruhusiwa kurudi nyumbani. Ugonjwa ulirudi mara nyingi zaidi katika nyumba zenye lawama, uhasama, au ulinzi wa kupita kiasi unaomnyima mgonjwa pumzi. Hii haimaanishi kuwa familia ndiyo inayosababisha ugonjwa. Ina maana kuwa sauti ya upole, ratiba inayoeleweka na kupunguza matusi husaidia dawa kufanya kazi yake. Familia zilizofundishwa kuhusu ugonjwa wenyewe zimeonekana kupunguza kurudi kwake.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maneno ni "kila mtu". Hayataji uraia, kabila wala kaunti aliyozaliwa mtu. Ibara ya 29 inakataza mateso na kutendewa kikatili.

Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Marekebisho hayo yanazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili katika vituo vyao, na yanatambua haki ya mgonjwa ya kushirikishwa katika matibabu yake, kutunziwa siri na kutobaguliwa. Mtu mwenye ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili wa muda mrefu pia anaweza kuomba kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kukaguliwa na madaktari hospitalini.

Wakazi wanaweza kufanya nini

*1. Tambua mapema.* Mpangaji au mfanyakazi mwenzako akijifungia chumbani siku nyingi, akaacha kuoga au kula, akazungumza na asiyeonekana, au akakaa bila usingizi siku kadhaa akiwa na nguvu za ajabu, usingoje azidiwe.

*2. Zungumza naye kwa utulivu.* Usibishane naye kuhusu anayoyasikia wala usijifanye nawe unayasikia. Mwambie unaona anateseka na uko tayari kumsindikiza.

*3. Msindikize kituoni.* Anzia zahanati au hospitali iliyo karibu. Anayehitaji huduma zaidi hupewa rufaa, ikiwemo kwenda Port Reitz, hospitali inayojulikana kwa huduma za akili katika ukanda wa Pwani. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kusaidia kupanga safari hiyo. Beba dawa zozote anazotumia.

*4. Tafuta jamaa, kwa idhini yake.* Wazee wa mtaa, chifu, msikiti, kanisa au chama cha watu wa kwao wanaweza kuwapata ndugu. Kwa raia wa kigeni, ubalozi wake unaweza kuwasiliana na familia, lakini mgonjwa aulizwe kwanza. Wapo wanaokimbia hatari kwao, na kwa hao simu kwa ubalozi inaweza kuwa madhara.

*5. Saidia kwa vitendo.* Nauli ya kwenda kliniki, kumkumbusha tarehe ya dawa, sahani ya chakula, kumwombea mwenye nyumba amvumilie mwezi mmoja. Hayo ndiyo humfanya mtu asiache matibabu katikati. Msaidie pia kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#.

*6. Imani na matibabu vinaweza kwenda pamoja.* Anayetaka kuombewa au kusomewa asizuiwe, mradi hapigwi, hafungwi wala haachishwi dawa.

*7. Akitaja kujiua, usimwache peke yake.* Ondoa sumu, kamba na visu karibu naye, mpeleke hospitali mara moja, au piga simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua.

*8. Waajiri wana sehemu yao.* Mfanyakazi aliyetibiwa akapata nafuu anaweza kurudi kazini. Saa chache za kuanzia, zamu za mchana zisizomvurugia usingizi, na ruhusa ya kwenda kliniki mara moja kwa mwezi vinaweza kuamua kama atasimama tena au atarudi wodini.

Mlezi naye asisahaulike. Anayemtunza mgonjwa peke yake, usiku na mchana, huchoka na mwishowe huugua. Majirani wawili wakigawana zamu, mlezi hupata usingizi na mgonjwa hupata sura zaidi ya moja ya kuamini.

Mombasa husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgeni aliyeugua akili, mwenyeji ndiye wa kumsaidia apone. Mkazi anayemfahamu mtu wa namna hiyo katika ploti, kazini au sokoni anaombwa kufika kituo cha afya kilicho karibu naye wiki hii na kuuliza siku na saa za kliniki ya akili, ili siku ya dharura asianze kutafuta njia.